Kisanduku cha Tatu

Ulikuja Ijumaa, Eliseo, saa sita kasoro,
kofia ya pikipiki kwapani kama tikiti la sokoni,
masizi ya kuchomelea yangali kwenye kucha.
Española ilikuwa na upepo wa vumbi siku ile;
mlango ulijibamiza mara mbili nyuma yako.

Nikauliza niliyolipwa kuuliza.
Jina: Maestas. Kazi: vyuma.
Pikipiki: nyeusi, tangi limepakwa rangi na mdogo wako.
Kisanduku cha kwanza, tia alama: sheria inakitaka.
Cha pili, tia: benki inakitaka.
Cha tatu, kinga yako dhidi ya atakayekugonga
naye hana bima, au anayo ya kubahatisha,
hakikuwa na wa kukitaka.

"Bei?"
Dola tisa kwa mwezi.
Ukacheka. "Tisa! Petroli hiyo, ya kunifikisha Taos na kunirudisha."
Nami nikacheka.

Hapo ndipo ninaporudi usiku.
Si barabarani, huko sikuwepo.
Narudi kwenye kile kicheko.
Nilikuwa na la kukwambia, nalijua kwa moyo,
lakini mchuzi wa pilipili ulikuwa unapoa nyuma ya printa,
nikageuza ukurasa.

Novemba, mzee Wendell Pruitt alikata kushoto
kuingia duka la matairi.
"Sikumwona," aliwaambia polisi,
na huenda ni kweli: pikipiki ikikujia uso kwa uso
ni nyembamba kama herufi moja.
Nyonga. Paja. Kiwiko.
Na mishipa ya mkono ule
uliokuwa ukishona chuma kwa moto bila kutetemeka.

Bima ya mzee: elfu ishirini na tano, basi.
Helikopta ilizila karibu zote
kwa dakika thelathini na nne angani.
Hospitali ya Albuquerque ilipofika mezani
sahani zilikuwa zinaoshwa.

Wakili wako, Bi. Quintana, hakupaka maneno asali:
"Kosa si lako. Haki unayo.
Ila haki hulipwa kutoka mfukoni mwa mtu,
na mtu huyu ana trela, mbwa, na pensheni isiyogusika.
Kumshtaki ni kumkamua dume."

Kisanduku cha pili, lakini, kilifanya kazi yake.
Pikipiki ililipwa yote, hadi taa ya nyuma.
Chuma kikafidiwa.
Nyama ikabaki na deni.

Wahenga waliosema ajali haina kinga
hawakuwa na ofisi ya bima,
hawakuandika dola tisa kwa penseli
kisha wakaifuta.

Nimelitoa faili lako mara ngapi sijui.
Sahihi yako ipo, imeinama kulia, ina haraka.
Muhuri wangu upo.
Kisheria sina doa. Meneja amenihakikishia
kwa barua ya mistari miwili.

Leo umerudi. Nimesikia gongo kabla ya mlango.
Nilikuwa nimeyapanga maneno, yote yakanikimbia,
nikabaki nakuvutia kiti ambacho huwezi kukikalia.
Nyuma yako kijana, pua ni yako, kofia mpya kwapani.
"Fermín," umesema. "Mdogo wangu. Kanunua ya kwake,
simzuii, angenisikia lini?
Mweleze kile cha tatu.
Mweleze taratibu, kama ambavyo
hukunieleza."

Hukuisema kwa hasira. Afadhali ungekasirika.

Nikaeleza. Dakika arobaini.
Nikachora gari, nikachora pikipiki,
nikaandika bei ya helikopta, ya kitanda, ya skrubu moja ya paja.
Simu ikalia, nikaiacha ilie.
Mchuzi ukaganda mafuta juu.

"Kwa mwezi?" akauliza Fermín.
Kumi na moja sasa.
"Kumi na moja!" Akaangua kicheko,
akatutazama, wewe kisha mimi,
akangoja mwenzake wa kucheka naye.

Akavuta kalamu.